MFANYA KAZI MWENYE ULEMAVU HAFUKUZWI OVYO

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)

Ndugu wafanya kazi,

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifikiri siku ya msiba tu. Sisi twasimama mbele ya mashini kila siku. Mtu huingia kazini asubuhi na mikono miwili, na jioni aweza kutoka na mmoja. Akirudi kutoka hospitali, tajiri humwambia: "Pole sana, lakini hufai tena. Tia sahihi hapa, chukua pesa zako." Naye kwa uchungu hutia sahihi. Hapo ndipo haki yake huanza kupotea.

Ndugu, sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 46, yasema wazi kwamba ulemavu si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 5 nacho chakataza kumbagua mfanya kazi kwa ajili ya ulemavu wake.

Hatusemi kwamba tajiri hawezi kamwe kumwachisha mtu ambaye mwili wake hauwezi tena kazi ile. Twasema lazima afuate njia. Kifungu cha 41 chamtaka kwanza amweleze mfanya kazi sababu yake, kwa lugha anayoifahamu. Mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama pale kazini, akisikia yote. Kisha tajiri ayasikilize maneno yao kabla ya kukata shauri. Na mambo yakifika kortini, ni juu ya tajiri kuthibitisha sababu yake.

Katika kikao hicho ndipo tuulize: je, hakuna kazi nyingine? Aliyepoteza mguu aweza kuandika hesabu ya stoo. Aliyepoteza vidole aweza kulinda lango.

Tena tusichanganye mambo. Fidia ya kuumia kazini ni jambo moja, na kazi yenyewe ni jambo lingine. Kulipwa fidia si kufukuzwa.

Basi, ndugu, shikeni haya manne:

1. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.
2. Mwite mjumbe wa chama kabla ya kuingia ofisini.
3. Weka vizuri barua za daktari na barua ya kufukuzwa.
4. Ukifukuzwa bila haki, peleka mashtaka kwa Ofisa wa Kazi kabla ya miezi mitatu kwisha.

Ukishinda, waweza kurudishwa kazini, au kulipwa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12.

Wajumbe, mwenzetu akitoka hospitali msimwache aende ofisini peke yake. Leo ni yeye, kesho ni mmoja wetu.