Mtoto Aliyedhaniwa Amenona



Jioni hii twataka kuwasimulia habari ya kitinda mimba wetu. Alipokuwa na umri wa miaka 4 alianza kuamka asubuhi macho yamefura, na hata kufika adhuhuri uvimbe umekwisha. Tukadhani ameumwa na mbu. Bibi yake alipoyatazama mashavu yake akasema, "Mjukuu wangu sasa amenona." Nasi tukafurahi pamoja naye, mpaka siku ile kaptura ilipokataa kufungwa kiunoni, na kidole kikibonyezwa mguuni kikaacha shimo.

Hospitalini mganga aliutia mkojo wake katika kichupa cha kioo, akaupasha moto. Ukaganda mweupe kama ute wa yai. Akatueleza kuwa figo zetu mbili, zikaazo mgongoni chini ya mbavu, ni mfano wa kifumbu cha kuchujia nazi: tui hupita, chicha hubaki. Kifumbu kikilegea, chicha nazo hupita. Ndivyo figo za mtoto zilivyokuwa zikiupitisha ute wa damu, uitwao albumini; na damu ikipungukiwa na ute huo, maji huiacha mishipa yakajaa nyamani. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hata 6, na wavulana kuliko wasichana. Wala hauambukizi, ingawa majirani wengine waliwakataza watoto wao kucheza kwetu.

Alilazwa siku 24. Mmoja wetu alilala mkekani kando ya kitanda. Mwenziwe alibaki nyumbani na dada zake wawili, ambao kila usiku waliuliza kama mama ana mtoto mmoja tu. Swali hilo hatukuwa na jibu lake.

Chakula cha mgonjwa hakikutiwa chumvi, naye alikisukuma kando akilia. Twakiri kwamba siku moja tulimwonjesha samaki mkavu, na kesho yake mizani ilitusema mbele ya mganga.

Dawa yake ni vidonge viitwavyo prednisoloni. Kabla ya dawa za namna hii kuanza kutumiwa, katika miaka ya 1950, watoto wengi walikufa. Sasa walio wengi hupungua uvimbe kabla ya majuma 4 kwisha. Usiku wa 11 wetu aliomba chombo mara kwa mara hata alfajiri. Hatujapata kufurahia mkojo namna ile! Alitoka hospitalini na kilo 15, naye aliingia na 19.

Lakini vidonge vile vilimviringisha uso, vikamtia njaa na hasira, na watu wakasema tena kwamba amenona. Tulitaka kuviacha. Mganga alitukataza kwa ukali: hupunguzwa kidogo kidogo, kwa kuwa mwili uliovizoea ukinyimwa ghafula waweza kuanguka.

Tangu hapo ugonjwa umemrudia mara 2, zote baada ya mafua. Basi kila asubuhi huleta kikopo chake mwenyewe, husimama mbali kidogo na jiko tukipasha moto, akatuuliza, "Leo ni maji, au ni yai?"