Mikono Inayolijua Jiwe: Sanaa ya Andy Goldsworthy na Elimu ya Kutenda



Mtu anapopewa kiti cha uprofesa hutakiwa aeleze uwanja wake na aseme anaamini nini. Uwanja wangu ni uchongaji. Ninachokiamini nakitanguliza, ili mnihoji nacho mpaka mwisho: mkono ulioshika kitu kwa miaka mingi hupata elimu ambayo haipatikani kwa kusoma wala kwa kutazama, na elimu hiyo inastahili nafasi katika chuo kikuu sawa na elimu nyingine yoyote. Shahidi wangu ni Andy Goldsworthy, Mwingereza anayeishi Scotland, ambaye kwa takriban miaka 50 amekuwa akitengeneza sanamu kwa majani, miiba, barafu, matope, matawi na mawe anayoyakuta pale pale anapofanyia kazi.

Goldsworthy alizaliwa mwaka 1956 katika jimbo la Cheshire, akakulia Yorkshire, pembezoni mwa jiji la Leeds. Tangu akiwa na umri wa miaka 13 alifanya vibarua mashambani. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kazi za shamba zinazojirudia, kama kuvuna viazi, ndizo zilizompa mdundo wa kazi yake ya sanaa. Alisoma Bradford, kisha Preston. Akiwa mwanafunzi huko Preston aliziacha karakana za chuo na kuhamishia kazi zake ufukweni, katika ghuba ya Morecambe, ambako maji yakipwa huacha uwanda mpana wa mchanga na yakijaa huja kwa kasi ya kutisha. Yeyote aliyekulia pwani ya kwetu anajua maana ya kufanya kazi huku bamvua linakuja. Kijana huyo alijifunza mapema kwamba ratiba ya kazi yake haipangi yeye.

Tuanze na vitu vidogo. Katika vuli za Ulaya majani hubadilika rangi kabla ya kuanguka. Goldsworthy huyaokota, huyapanga kuanzia la kijani hadi la manjano hadi lililowiva wekundu, kisha huyaunganisha kwa miiba au kwa mabua ya nyasi. Hatumii gundi, uzi wala pini ya dukani. Ili jani lipokee mwiba bila kuchanika, sharti ujue lina unyevu kiasi gani na mishipa yake inaelekea wapi. Jani lililoanguka asubuhi na jani lililoanguka jana si kitu kimoja mkononi. Wakati wa baridi kali huchukua vijiti vya barafu vinavyoning'inia kwenye miamba, huvivunja vipande, huchovya ncha katika theluji na maji, kisha hukishikilia kipande mahali pake mpaka kigande. Glavu zinamzuia asihisi, hivyo ncha za vidole hubaki wazi. Kazi huanza kabla ya jua kuchomoza, na jua hilo hilo linaloipa barafu mwanga wake ndilo litakaloiangusha.

Katika filamu ya Rivers and Tides ya mwaka 2001, iliyotengenezwa na Mjerumani Thomas Riedelsheimer, kuna sehemu ambayo huwaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka. Goldsworthy yuko ufukweni Nova Scotia, Kanada, anajenga umbo la pia kwa mawe bapa, jembamba chini, likitanuka katikati na kuchongoka juu. Maji yanapanda. Umbo linaporomoka. Anaanza upya, linaporomoka tena. Ninachowaomba wanafunzi wakitazame ni vidole vyake baada ya kila mporomoko: vinarudi kwenye mawe yale yale lakini vinachagua kwa namna nyingine. Kuna jiwe ambalo mwanzo lilionekana zuri na sasa linaachwa. Mahali ambapo mzigo uliegemea upande mmoja sasa panapata kipande cha kukazia. Mwanafizikia akifanya hivyo maabara tunaliita jaribio, tunampa ruzuku, na matokeo yanachapishwa hata kama ni hasi. Kwa mchongaji tunasema kazi imeharibika. Ningependa mtu anieleze tofauti iko wapi.

Na kumbukumbu zipo. Tangu miaka ya 1970 Goldsworthy amekuwa akiandika daftari za kazi na kupiga picha kila anachokitengeneza, pamoja na vile vilivyoshindikana. Hapa lazima nikiri ugumu mmoja wa kweli. Watu wengi wanaojua kazi hizi wanazijua kwa picha, katika vitabu vya bei ghali, na picha hupendeza mno. Zinaficha baridi, zinaficha saa za kuokota, zinaficha majaribio yaliyobomoka. Wahakiki waliomshutumu kwa kutengeneza mapambo walikuwa wanaitazama picha, nami siwalaumu sana. Lakini naona kosa lao ni kuihukumu safari kwa tiketi yake. Picha inathibitisha kwamba kitu kilikuwepo. Ujuzi uliokitengeneza ulibaki mkononi, na unaonekana katika kazi inayofuata.

Goldsworthy hakuwa wa kwanza kutoka nje ya karakana. Mwaka 1967 Richard Long, akiwa mwanafunzi London, alitembea huku na huko katika uwanja wa nyasi mpaka mstari ukaonekana, akaupiga picha. Huko Marekani Michael Heizer, mwaka 1969, alitumia mitambo na baruti kukata mahandaki mawili makubwa jangwani Nevada. Long alipunguza mkono mpaka ukabaki unyayo. Heizer aliukabidhi kwa mashine. Wote wawili ni wakubwa, ila kwa hoja yangu ya leo hawanisaidii sana.

Kinachonisaidia ni ukuta. Kati ya mwaka 1997 na 1998, katika bustani ya sanamu ya Storm King, jimbo la New York, Goldsworthy na waashi waliotoka Uingereza walijenga ukuta wenye urefu wa futi 2,278, karibu mita 694, kwa mawe yaliyokusanywa hapo hapo, bila saruji wala udongo. Ukuta wa namna hii hujengwa nyuso mbili zinazoegemeana kidogo, katikati hujazwa mawe madogo, na kila baada ya kimo fulani huwekwa jiwe refu linalozifunga nyuso zote mbili. Kila jiwe hulala juu ya mawe mawili, na kiungo cha safu moja hufunikwa na safu inayofuata. Huwezi kuusimamia ukuta huu kwa mchoro peke yake, kwa sababu hakuna mawe mawili yanayolingana. Mwashi mzuri akishaokota jiwe hulitafutia mahali, halirudishi chini.

Mahali hapo palikuwa na mabaki ya ukuta wa zamani wa shamba. Wakulima walipoondoka, miti iliota kando yake na mizizi ikaubomoa. Ukuta mpya unafuata njia ya ule wa zamani, lakini ukifika kwenye mti unaupisha: unajipinda kushoto, unajipinda kulia, shina kwa shina, unashuka mpaka ndani ya bwawa, unaibuka ng'ambo, kisha unapanda mlima moja kwa moja kuelekea barabara kuu. Hakuna kazi yake ninayoipenda kuliko hii. Ndani yake mna mkulima aliyeondoa mawe shambani, msitu uliorudi, na mwashi aliyekuja kutoka nchi nyingine na ujuzi wa babu zake.

Sisi tunao wenzao. Engaruka, chini ya ngazi ya Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, wakulima wa kati ya karne ya 15 na ya 18 walijenga matuta na mifereji ya kumwagilia kwa mawe yasiyotiwa chokaa, katika eneo la takriban kilomita za mraba 20. Tunaifundisha Engaruka katika akiolojia, na ni haki. Sijawahi kuiona ikifundishwa katika idara ya sanaa wala ya uhandisi.

Jambo jingine linalofundishwa na mkono ni kwamba hakuna ardhi tupu. Katika jimbo la Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kuanzia mwaka 1996 hadi 2003 Goldsworthy aliongoza ujenzi wa zaidi ya mazizi 40 ya kondoo. Mengi yalikuwa yamebomoka au yamebaki alama tu katika ramani za zamani. Ilibidi kwanza kumtafuta mwenye ardhi, kukaa naye, kumwomba. Mwaka 1997 alisafirisha tao la mawe mekundu ya mchanga kutoka Scotland kuelekea kusini, akilisimamisha na kulibomoa kituo baada ya kituo, kwenye njia ambayo wachungaji wa zamani walipitishia mifugo kwenda masokoni. Mtalii anayekwenda kule anadhani anaangalia milima iliyojiumba yenyewe. Kumbe kila kilima kimelishwa, kimezungushiwa ukuta, kimegombewa. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia Uingereza, mifugo ikachinjwa kwa mamilioni, na Cumbria ikaumia kuliko jimbo lingine lolote. Zizi tupu mwaka ule halikuwa pambo kwa mtu yeyote.

Nalisema hili kwa wanafunzi wetu wa mazingira hasa. Tumezoea kuchora mipaka ya hifadhi kana kwamba waliomo ni wavamizi, nasi hatujui nani alipanda mti gani na nani alitoa jiwe lipi. Anayejenga kwa mawe ya mahali hawezi kukwepa swali hilo, maana jiwe alilolikuta limepangwa lilipangwa na mtu.

Nitataja kazi moja zaidi. Mwaka 2008, katika eneo la Presidio, San Francisco, Goldsworthy alisimamisha vigogo 37 vya saipresi vilivyofungwa pamoja kuwa mnara wa karibu mita 30. Miti hiyo ilikuwa imezeeka na kukatwa ili ipandwe mingine, na miche ilipandwa kuuzunguka mnara ili siku moja iufunike. Mwezi Juni 2020 mnara ulichomwa moto. Ukawa mweusi, haukuanguka, ukaachwa usimame hivyo hivyo katikati ya miti michanga.

Ikiwa mkono una elimu ya namna hii, ninalo ombi kwa Seneti ya chuo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sanaa, usanifu majengo na mazingira apewe muhula mmoja nje ya darasa, chini ya fundi: mwashi wa mawe ya matumbawe, msusi wa ukindu, mwezekaji wa makuti, mjenzi wa mashua. Atahiniwe kwa kitu alichokitengeneza na kwa daftari la kila siku linaloonyesha kilichobomoka na kwa nini. Alama zitolewe na fundi pamoja na mhadhiri. Fundi huyo alipwe kutoka fungu lile lile linalomlipa mtahini wa nje, na jina lake liandikwe katika fomu ya matokeo, kando ya jina langu.