Kiyoyozi cha Ofisi ya Chama na Kidhibiti Chake cha Ukutani

(Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi vya Kilwa na mwambao wa Lindi)



Mali ya chama si korosho na ufuta uliomo ghalani peke yake. Mizani, kompyuta, kabati la vitabu na kiyoyozi kilichotundikwa ukutani ni mali ya mkulima aliyekatwa ushuru katika kila kilo aliyoipeleka chamani. Kwa hiyo anayebonyeza kidhibiti cha kiyoyozi bila kukifahamu anachezea fedha isiyo yake. Mazungumzo haya yana shabaha moja: kila katibu ajue kila kitufe kina kazi gani, na kila mwanachama ajue cha kuuliza katika mkutano mkuu.

Watu wa mwambao walijua kupambana na joto zamani sana kabla ya umeme. Pale Kilwa Kisiwani nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa nene. Jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14 lilijengwa juu ya genge la bahari, likiwa na nyua zilizo wazi. Nyumba ya makuti nayo hupitisha hewa usiku na mchana. Ofisi nyingi za siku hizi ni za matofali ya saruji, bati na madirisha ya vioo. Bati hupokea jua tangu asubuhi, na ifikapo saa nane mchana chumba huwa tanuri. Ndiyo sababu chama kikanunua kiyoyozi.

Haina budi ifahamike kwanza kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto la chumbani na kulitupa nje kwa njia ya gesi izungukayo katika mabomba, ikisukumwa na kompresa iliyomo katika mashine ya nje. Mfano wake ni mvuvi afuaye maji katika mtumbwi unaovuja. Tundu likizibwa, atapumzika. Tundu likiachwa, atafua mpaka jua lizame. Mlango ulioachwa wazi, kioo kilichovunjika na dari lenye mwanya ndiyo matundu ya ofisi.

Pili, kiyoyozi hupunguza unyevu wa hewa. Mashine ya kwanza ya namna hii, aliyoibuni Willis Carrier nchini Marekani mwaka 1902, haikukusudiwa kuwaburudisha watu. Ilikusudiwa kukausha hewa ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, kwa maana karatasi ilikuwa ikivimba kwa unyevu na rangi hazikukaa mahali pake. Jambo hilo linawahusu makatibu wa mwambao moja kwa moja. Daftari la wanachama, stakabadhi na hati za malipo huota ukungu wakati wa masika, na mkulima aliyepotelewa na stakabadhi yake hutegemea nakala iliyobaki ofisini.

Sasa kuhusu kidhibiti chenyewe. Kioo chake huonyesha tarakimu ya nyuzijoto na alama ya kazi inayofanyika. Alama ya theluji ni ya kupoza. Tone la maji ni la kukausha hewa. Pangaboi ni la kupuliza hewa tu bila kompresa kufanya kazi. Alama ya jua, katika mashine zilizo nayo, ni ya kuleta joto, na katika Kilwa au Lindi haina kazi. Katibu anayelalamika kwamba mashine inapuliza hewa ya moto aitazame alama hiyo kabla ya kumwita fundi kwa gharama ya chama.

Vitufe viwili vya kupandisha na kushusha ndivyo vinavyokosewa zaidi. Mtu aingiaye ofisini akitoka juani hushusha tarakimu hadi 16, akidhani chumba kitapoa upesi. Tarakimu hiyo haiongezi nguvu ya mashine kama kanyagio la lori. Ni alama ya mahali pa kusimama. Katika mashine za kawaida kasi ya kupoza ni ile ile. Tofauti ni kwamba ikiwekwa 16 kompresa huendelea kunguruma bila kufika, na ikiwekwa 25 hufika na kupumzika. Yafaa tarakimu iwe kati ya 24 na 26. Mtu akiona joto bado, aongeze kwanza mwendo wa pangaboi, kwani pangaboi hula umeme mdogo sana kuliko kompresa.

Hesabu yake ni rahisi. Kiyoyozi kidogo cha ofisi hutumia takriban uniti 1 ya umeme kwa kila saa ambayo kompresa inafanya kazi. Kwa saa 8 bila kupumzika ni uniti 8, na kwa siku 22 za kazi ni uniti 176. Mashine ikisahauliwa tangu Ijumaa saa 11 jioni hadi Jumatatu saa 2 asubuhi, zimepita saa 63. Hata kama kompresa imefanya kazi nusu tu ya muda huo, uniti zisizopungua 30 zimeteketea katika chumba kisicho na mtu. Kidhibiti kina kitufe cha saa cha kuzima chenyewe. Kitegwe kila siku kabla ya kufunga ofisi.

Umeme ukikatika na kurudi, mashine isiwashwe papo hapo. Kompresa huhitaji kama dakika 3 ili msukumo wa gesi ndani yake utulie. Vidhibiti vingi hungoja vyenyewe, na katibu asiyejua huendelea kubonyeza akidhani kimeharibika. Kidhibiti kikionyesha herufi na tarakimu zisizo za nyuzijoto, hiyo ni ishara ya hitilafu. Iandikwe katika daftari kabla ya kuzima, ili fundi ajue pa kuanzia.

Chujio lililo nyuma ya kifuniko cha mashine ya ndani lioshwe kwa maji kila wiki mbili, na wakati wa ununuzi, vumbi linapozidi, kila wiki. Likauke kivulini kabla ya kurudishwa. Chumvi ya bahari nayo hula mabati membamba ya mashine ya nje, hivyo yafaa yasafishwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, umeme ukiwa umezimwa. Kufungua mabomba ya gesi ni kazi ya fundi pekee.

Yako mambo mawili ambayo kidhibiti hakiwezi kuyatatua. La kwanza ni ghala. Korosho na ufuta haviwekewi kiyoyozi. Huhifadhiwa vikiwa vimekauka vyema, juu ya chaga, mbali na ukuta, na madirisha ya hewa yakifanya kazi.

La pili ni wanachama wenyewe. Ofisi ikipoa, mlango hufungwa. Mlango ukifungwa, mzee aliyetembea tangu alfajiri kuulizia malipo yake hukaa juani akihofia kubisha. Hapo chombo kilichonunuliwa kwa ushuru wake kimekuwa ukuta kati yake na chama chake. Dawa yake si kuzima mashine wala kuacha mlango wazi. Benchi na liingizwe ndani, na mlangoni paandikwe kwa herufi kubwa: KARIBU NDANI, FUNGA MLANGO.

Mwisho, kila bodi imteue mtu mmoja wa kushika kidhibiti, na uniti zinazonunuliwa ziandikwe kila mwezi na kusomwa mbele ya wanachama. Mkulima anayejua kupima korosho zake hashindwi kupima umeme wake.