Tununue Sikio Kabla ya Spika

Mazungumzo kwa wanakwaya na waamini, Misikhu, wakati wa jubilei ya miaka 50 ya kwaya

 

Nimeombwa niseme machache kuhusu mitambo, kwa kuwa mimi ndiye ninayefunga nyaya kila Jumapili, na ndiye mnayemtazama kwa jicho kali spika inapopiga mluzi. Mnajua kwamba mchango wa jubilei umekusanywa na kwamba sehemu yake ni ya vyombo vya kwaya. Wengi wanataka tuongeze spika mbili kubwa. Mimi naomba tununue kwanza maikrofoni mbili za studio, zile zinazoitwa kondensa. Nipeni nafasi nieleze sababu, kisha mtaamua.

Kwa Kiswahili maikrofoni tumeiita kipaza sauti. Jina hilo limetuzoesha kudhani kwamba kazi yake ni kupaza. Maikrofoni haipazi chochote. Kazi yake ni kusikia. Wanaopaza ni amplifaya na spika. Kwa miaka mingi kwaya hii imenunua vya kupaza, na tumepaza hata sokoni wakatusikia. Sikio zuri hatujawahi kununua.

Mtasema maikrofoni tunazo. Ni kweli. Zile ni za aina ya dainamiki, ndugu za Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966 na kuenea makanisani na majukwaani kote duniani. Ndani yake kuna kiwambo kilichoshikamana na koili ya waya karibu na sumaku. Sauti husukuma kiwambo, koili hucheza, umeme huzaliwa. Ni chombo imara. Kikianguka sakafuni huokotwa na Misa ikaendelea. Lakini ni kizito wa kusikia na hutaka mdomo uwe karibu. Ndiyo maana msomaji wa somo husikika vizuri, lakini kwaya nzima ikisimama mbele ya maikrofoni moja wanasikika watatu walio jirani nayo. Wengine wote huwa kama upepo.

Kondensa hufanya kazi kwa njia nyingine. Kiwambo chake ni ngozi nyembamba sana ya plastiki iliyopakwa dhahabu, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Nyuma yake, kwa mwanya mdogo mno, kuna bamba la chuma. Vyote viwili hutiwa chaji ya umeme. Sauti ikigusa kiwambo, mwanya ule hupungua na kuongezeka, na umeme hubadilika pamoja nao. Hakuna koili ya kubeba, kwa hiyo hata pumzi ya alto kabla ya kuanza ubeti inatosha kukitikisa. Kikiwekwa hatua chache mbele ya kwaya husikia sauti zote nne pamoja, na kanisa lenyewe linalozizunguka.

Ugunduzi huu ni wa zamani. Mhandisi Mmarekani Edward Wente alitengeneza maikrofoni ya kondensa mwaka 1916. Wakati huo santuri zilirekodiwa kwa pembe kubwa kama ya gramafoni. Waimbaji walisongamana mbele yake na kwaya kubwa haikuweza kuingia. Tarehe 31 Machi 1925, katika jumba la Metropolitan Opera jijini New York, kwaya za wanaume zaidi ya 800 zilirekodiwa kwa maikrofoni, na katika wimbo wa Noeli Adeste Fideles wasikilizaji waliokuwa ukumbini wakaitikia nao. Santuri ilipouzwa iliandikwa kwamba ina sauti 4,850. Kwa hiyo sisi wanakwaya tulifaidika na chombo hiki tangu mapema kabisa.

Mwaka 1928 Georg Neumann wa Berlin alianza kuuza maikrofoni ya kondensa iliyotengenezwa kwa wingi, na mwaka 1949 ikaja ile iitwayo U 47. Hii ndiyo ambayo mafundi wa studio hadi leo wanaitaja kwa heshima. Ilitumia valvu, taa ndogo ya kioo kama zile za redio za babu zetu, na sauti yake ilisifiwa kwa ujoto na ukaribu. Lakini valvu yake iliacha kutengenezwa, na kiwambo chake cha zamani hukauka na kupasuka kwa miaka. U 47 ya asili iliyo nzima huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Hiyo si yetu.

Zinazotuhusu ni zile mpya zilizotengenezwa kwa mfano wa zile za zamani. Kampuni ya Warm Audio ya Texas, kwa mfano, ina WA-47 yenye valvu, inayouzwa chini ya sehemu ya kumi ya bei ya asili. Ina pia ndogo yake, WA-47jr, isiyo na valvu, iliyouzwa kwa takriban dola 300 ilipotoka. Kuna kampuni nyingine nyingi zenye mifano ya namna hiyo. Napendekeza tutafute ya daraja hili la pili. Haihitaji sanduku lake la umeme. Hutumia volti 48 zinazotoka kwenye miksa kupitia waya uleule wa sauti. Kitu kichache, hitilafu chache.

Hapa naomba tuwe macho. Umbo la zamani si sauti ya zamani. Madukani mtaona maikrofoni zenye wavu wa dhahabu na maumbo ya kizee, na ndani mna kidude kidogo cha bei ya soda. Tusinunue kwa macho. Tuulize mambo matatu: kiwambo chake ni kikubwa kiasi gani, kelele yake ya ndani, ule mvumo unaosikika kukiwa kimya, ni desibeli ngapi, na je, tunaweza kuijaribu kwa sauti zetu kabla ya kulipa? Muuzaji anayekataa swali la tatu tumwage kwa heshima.

Nimeulizwa pia: simu si inatosha? Simu zetu ni nzuri kwa kumbukumbu ya mazoezi. Lakini simu nyingi hujipunguzia na kujiongezea sauti zenyewe. Mnapoanza polepole kwa unyenyekevu, simu hupandisha. Mnapofika kwenye utukufu wenyewe, hushusha. Kupanda na kushuka mlikofundishwa kwa miezi kunasawazishwa kama barabara iliyopita greda. Wimbo ukisikilizwa baadaye, moyo wake haumo.

Sasa niseme gharama ambayo haiko kwenye risiti. Kondensa husikia yote. Itasikia bati likilia jua linapochomoza, jogoo wa jirani, na lori linalopanda kwenda Kitale. Itasikia karatasi ya nota ikigeuzwa, na anayechelewa nusu pigo akijificha nyuma ya mwenzake. Kwa hiyo itatubidi kurekodi usiku barabara ikitulia, au alfajiri, na miezi ya kiangazi kabla mvua haijaanza kupiga bati. Itatubidi kuitunza: haipulizwi kwa mdomo kuijaribu, hairushwi, na baada ya kazi hurudishwa kwenye sanduku lake penye pakiti za kufyonza unyevu, maana unyevu ndio adui wa kiwambo. Itatubidi pia kujifunza kukaa kimya wimbo ukiisha, hadi mwangwi wa mwisho ufe. Wanakwaya, mnajua hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Na kwa nini tujitaabishe hivi? Tazameni benchi la mbele. Walioanzisha kwaya hii walikuwa vijana. Leo wengine wamekuja kwa fimbo, na wengine tunawaombea. Nyimbo zao baadhi zimo kwenye madaftari ya solfa. Nyingine hazikuandikwa kamwe, zimo vichwani mwao tu. Tulibahatika kurekodi kaseti moja zamani, katika studio moja mjini, lakini kinanda na ngoma ya mashine vimewafunika waimbaji, na utepe wenyewe umeliwa na redio. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa na besi iliyosemekana kutikisa madirisha. Ninyi mnaikumbuka. Wajukuu wake hawana pa kuisikia.

Si lazima iwe hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka kusini mwa Afrika, alifika kwa Wakipsigis na mitambo yake, akiishika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza kwa waimbaji. Mmoja wa nyimbo alizorekodi ni Chemirocha, jina lililotokana na mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha, ILAM. Mwaka 2014 nakala zikarudishwa kwa Wakipsigis, kwa ushirikiano wa ILAM na Ketebul Music ya Nairobi. Miaka 64 ilikuwa imepita, na wajukuu wakasikia sauti za vijana waliokuwa babu na nyanya zao. Ketebul na mradi wa Singing Wells wamekuwa wakifunga studio ya kusafiri na kurekodi vikundi vijijini Kenya na Uganda. Kazi hiyo haihitaji jengo la fahari. Inahitaji sikio zuri, mahali tulivu, na mtu aliyeamua kwamba wanaoimba wanastahili kusikilizwa.

Mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, maikrofoni mbili zinazofanana, stendi ndefu mbili, nyaya, na kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Zikisimama pamoja juu kidogo ya kichwa cha mwalimu, zitasikia kushoto na kulia kama masikio mawili. Pili, tusianze na albamu ya vijana, na vijana wenzangu mniwie radhi. Tuanze na waanzilishi, wakiwa wameketi, bila kinanda, kila mmoja aimbe anachokikumbuka na ataje aliyemfundisha. Tatu, nakala zikae sehemu tatu: ofisi ya parokia, kwa katibu wa kwaya, na kwa familia ya kila aliyerekodiwa. Nne, vijana wawili, msichana na mvulana, wafundishwe kazi hii, isije ikakwama siku ambayo mimi sipo.

Spika tutazinunua, sizikatai. Spika ya mwaka huu itapatikana pia mwaka ujao, tena labda kwa bei nafuu. Sauti ya mama yetu aliye na miaka themanini na zaidi haina ahadi hiyo.

Wahenga walisema kuimba ni kupokezana. Sisi tulipokea kwa masikio, tukiwa tumeketi karibu na waliojua. Watakaotupokea sisi, wengine bado hawajabatizwa, wengine bado hawajazaliwa. Tuwaachie kitu cha kupokea.