Mali na Maskini wa Mlangoni

(Hotuba ya mwanachama mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema maneno machache baada ya Mweka Hazina kutusomea hesabu za mwaka. Tumesikia ya kwamba mapato yamezidi matumizi, nasi tumepiga makofi. Ni haki yetu kufurahi. Lakini yatupasa kujiuliza: Maandiko Matakatifu yasemaje juu ya sanduku lililojaa?

Wako wanaodhani kwamba Maandiko huichukia mali. Sivyo. Ibrahimu alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu. Na katika Injili ya Luka, sura ya 16, Lazaro yule maskini mwenye vidonda alipokufa, malaika walimchukua mpaka kifuani kwa Ibrahimu. Angalieni jambo hili: maskini amepumzishwa kifuani kwa tajiri. Basi si utajiri wenyewe uliomtia yule tajiri mwingine katika mateso. Hatuambiwi kwamba aliiba. Twaambiwa kwamba Lazaro alilala mlangoni pake, naye akaendelea na karamu zake kila siku.

Sura ya 12 ya Injili hiyo hiyo yatueleza habari za mtu ambaye shamba lake lilizaa sana, akaazimu kuvunja ghala zake ajenge nyingine kubwa zaidi. Katika shauri lake lote hakuzungumza na mtu ila nafsi yake. Na usiku ule ule roho yake ikatakiwa. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini mwenye kuiweka hufa.

Ndugu zangu, sisemi haya kama mtu asiye na lawama. Miaka mingi iliyopita nalikuwa katibu wa chama kingine. Alikuja mjane kuomba msaada wa mazishi. Mumewe alikuwa amekosa kulipa ada kwa miezi mitatu, kwa sababu ya ugonjwa ule ule uliomwua. Nalifungua kitabu cha kanuni, nikamsomea. Hakubisha, alifunga leso yake, akaenda zake. Ng'ombe wao wa pekee akauzwa ili marehemu azikwe. Hesabu zetu mwaka ule zilikuwa sawa hata senti ya mwisho, na sanduku lilikuwa na fedha. Hata leo nikisoma habari za Lazaro, namwona mama yule na leso yake.

Je, tuzitupe kanuni? La hasha! Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtume Paulo alipopeleka changizo kwa maskini wa Yerusalemu, hakuichukua peke yake. Aliambatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije mtu akawalaumu. Kadhalika katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, palitokea manung'uniko kwamba wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakusema kwamba chakula ni jambo la dunia lisilohusu imani. Waliagiza wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wenye Roho na hekima, Stefano akiwa mmojawapo. Roho na hekima zilitakiwa hata kwa kugawa chakula! Kwa hiyo daftari la Mweka Hazina wetu nalo ni mahali pa kumcha Mungu.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, naweka mbele ya mkutano maombi mawili. Kwanza, Kamati isimkatae mfiwa yeyote kwa sababu ya ada iliyochelewa kabla wajumbe wawili hawajafika nyumbani kwake na kuona hali yake kwa macho. Pili, sehemu ya fedha zilizozidi mwaka huu itengwe kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na matumizi yake yaandikwe wazi kama matumizi mengine yote.

Sanduku letu lina kufuli, na ni vema. Lakini wenye ufunguo ni sisi, na mlango ambao Lazaro aweza kulala ni wetu pia. Nawaomba wazee watupe shauri lao.