Bei ya Umeme Sokoni: Usiku wa Shida Nani Hulipa?

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, Siku ya Kukutana)

 

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusimama tena katika bwalo hili. Zamani zetu jenereta ya shule ilizimwa saa nne usiku, na aliyekuwa hajamaliza hesabu zake alizimalizia kwa kibatari. Hatukujiuliza umeme ule ulikuwa wa bei gani. Lakini mwaka jana, tulipokutana hapa, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza: "Mzee, kwa nini umeme usiuzwe kama vocha za simu? Kampuni ziwe nyingi, kila mtu achague yake, bei ishuke." Nilimjibu kwa haraka kwamba ndivyo inavyofaa. Nilikuwa nimewahi kuandika dokezo refu ofisini la kusifu jambo hilo hilo, na ndani yake sikuweka hata aya moja juu ya siku ya shida. Leo nimekuja kusahihisha jibu langu.

Hapa Tanzania wengi wetu hununua umeme wa TANESCO kwa Luku, na bei ya yuniti huidhinishwa na EWURA. Ziko nchi ambako mwananchi huchagua muuzaji wake. Nitachukua mfano wa jimbo la Texas huko Marekani, kwa sababu mwenzetu mmoja wa darasa letu anaishi Houston, na tumeandikiana sana juu ya jambo hili.

Texas ilipitisha sheria ya kufungua soko la umeme mwaka 1999, na kuanzia Januari 2002 wakazi wa sehemu kubwa ya jimbo hilo wakaanza kuchagua kampuni ya kuwauzia. Miji kama Austin na San Antonio, yenye mashirika yake ya umeme, ilibaki nje. Shughuli iligawanywa mafungu matatu. Wenye mitambo hufua umeme, nao hushindana. Wauzaji wa rejareja hununua kwa jumla na kumwuzia mwenye nyumba, nao pia hushindana. Lakini nguzo na nyaya hazina ushindani, maana hakuna faida ya kusimamisha safu tano za nguzo katika mtaa mmoja. Mwenye nyaya ni mmoja katika eneo lake, na ada yake hupangwa na Tume ya jimbo. Kwa hiyo ukibadili muuzaji, umeme unaokufikia ni ule ule, kwa waya ule ule. Kinachobadilika ni mkataba na ankara.

Sasa, bei ya jumla hupatikanaje? Chombo kinachoendesha gridi, kiitwacho ERCOT, hupokea bei za wenye mitambo, kila mmoja akitaja kiasi anachoweza kuuza na kwa bei gani. Huanza na wa bei nafuu, kisha hupanda ngazi mpaka mahitaji yatimie. Tuseme mtambo wa upepo umetaja senti 0, wa gesi senti 3, na mtambo mkuukuu senti 10. Ikiwa ule mkuukuu unahitajika ili taa zisizimike, basi wote watatu hulipwa senti 10, tukiacha kando msongamano wa nyaya. Hesabu hii hufanywa kila baada ya dakika 5.

Vijana mtasema hiyo ni dhuluma. Lakini kama kila mmoja angelipwa bei aliyoitaja, kesho yake wote wangekisia bei ya juu na kuitaja hiyo. Zaidi ya hayo, mwenye mtambo huko hulipwa hasa kwa umeme aliouza, si kwa kuwa na mtambo uliosimama tayari. Saa za bei kubwa ndizo zinazomrudishia gharama za kujenga.

Taabu yake ni hii. Mkulima akiona bei ya mahindi ni mbaya, huyaweka ghalani. Umeme hauna ghala la namna hiyo. Betri kubwa zimeongezeka Texas miaka ya karibuni, lakini nyingi hutoa umeme kwa saa chache tu. Naye mwenye nyumba hana habari ya bei ya saa ile. Yeye hubonyeza swichi. Hivyo basi, mitambo ikipungua ghafla, bei hupaa.

Ndivyo ilivyotokea Februari 2021. Baridi kali iliingia Texas. Visima na mabomba ya gesi yakaganda, na mitambo ya gesi, ya makaa, ya upepo, hata mmoja wa nyuklia, ikasimama. Usiku wa kuamkia Februari 15 gridi ilibakiwa na muda usiofika dakika 5 kabla ya kuanguka yote, ikabidi mitaa ikatiwe umeme ili kuiokoa. Nyumba zaidi ya milioni 4 zilikaa gizani, nyingine kwa siku kadhaa. Jimbo lilihesabu vifo 246. Tume nayo iliamuru bei ya jumla ikae kwenye kikomo chake, yaani dola 9,000 kwa megawati-saa, ambazo ni dola 9 kwa yuniti moja. Mwaka uliotangulia wastani haukufika senti 3.

Mwenzetu alikuwa na mkataba wa bei isiyobadilika kwa mwaka mzima. Jirani yake alikuwa na mkataba wa kulipa bei ya jumla kama ilivyo, pamoja na ada ndogo ya mwezi, na kwa miezi mingi alikuwa akimcheka mwenzetu kwa kulipa zaidi. Sasa pigeni hesabu. Nyumba inayotumia yuniti 60 kwa siku, kwa dola 9, hudaiwa dola 540 kwa siku moja. Fedha zilikuwa zikikatwa moja kwa moja katika akaunti yake ya benki. Mwenzetu aliniandikia kwamba siku ya nne jirani yule, ambaye umeme wake haukukatika, alikaa gizani kwa hiari yake, amejifunika mablanketi.

Lakini msidhani kwamba mwenye bei isiyobadilika aliokoka bure. Muuzaji wake alipaswa kumpa umeme kwa senti chache hata kama yeye aliununua kwa dola 9. Wauzaji wasiokuwa wamenunua mapema waliumia, na baadhi yao wakafilisika. Sehemu ya madeni iligeuzwa mikopo ya kulipwa polepole, kwa miaka mingi, kupitia ankara za wananchi.

California ilionyesha jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 2000 bei ya jumla ilipanda mno, huku kampuni kubwa zikikatazwa kupandisha bei kwa wateja. Aprili 2001 kampuni ya Pacific Gas and Electric ikaomba kinga ya mufilisi. Hasara ya siku ya shida haikufutika. Ilimwangukia aliyesimama katikati.

Texas imejirekebisha kiasi. Mwaka 2021 ilipiga marufuku kuwauzia wenye nyumba mikataba kama ule wa jirani, na mwaka 2022 kikomo kikashushwa hadi dola 5,000. Lakini mitego midogo ingaliko. Huu ni mfano wangu, vijana wa hesabu wauangalie. Bei ni senti 15 kwa yuniti, na ukifikisha yuniti 1,000 kwa mwezi unapunguziwa dola 100. Kwa yuniti 1,000 utalipa dola 50, yaani senti 5 kwa yuniti, na bei hiyo ndiyo itakayotangazwa kwa herufi kubwa. Kwa yuniti 999 utalipa dola 149 na senti 85. Ndiyo maana huko muuzaji hulazimishwa kutoa karatasi inayoonyesha bei kwa yuniti 500, 1,000 na 2,000. Asiyeisoma karatasi hiyo hana wa kumlaumu.

Kijana wangu wa mwaka jana, ambaye sasa yuko Kidato cha Nne, jibu langu ni hili. Wauzaji wengi wanaweza kushusha bei pale penye mitambo mingi, akiba ya kutosha na mdhibiti asiyelala. Lakini ushindani haufuti gharama ya usiku wa shida. Huamua tu itaingia mfuko wa nani. Siku moja wewe au mwenzako atakuwa mezani ambapo pendekezo la namna hii litaletwa. Kabla hujatia saini, uliza usiku wa shida nani atalipa, na hakikisha jibu limeandikwa. Mimi nilipoandika dokezo langu sikuuliza.