Kaimu na Kiti Kilicho Wazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mtopanga



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme maneno machache kabla ya kura kupigwa, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Sisi tulio makarani kazi yetu ni kuandika yaliyosemwa na wengine. Leo tumeombwa kusema, basi mtuvumilie. Swali tulilopewa ni hili: kiti cha chama kikiwa wazi, ni nani akishike, kwa siku ngapi, na kwa uwezo gani?

Neno kaimu limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kusimama. Kaimu ni mtu asimamaye mahali pa mwingine. Kiti si chake; amewekwa akilinde mpaka mwenyewe apatikane. Hayo twayajua sote, walakini mataifa makubwa yamepata taabu kwa kuyasahau.

Warumi wa kale walisimulia kwamba mfalme wao wa kwanza, Romulus, alipotoweka, wazee wa baraza hawakuafikiana juu ya wa kumfuata. Wakaamua kutawala kwa zamu, kila mmoja siku tano, naye aliye zamuni akaitwa interreksi, yaani mfalme wa katikati. Mwaka mzima ukapita hivyo, hata watu wakanung'unika kwamba badala ya bwana mmoja sasa wana mabwana mia. Ndipo akachaguliwa Numa Pompilius. Baadaye Warumi walipoacha wafalme na kuchagua makonsuli wawili kila mwaka, desturi ile ilibaki. Makonsuli wakikosekana wote wawili, alitajwa interreksi wa siku tano, naye akamtaja wa kumfuata, na kazi yao kubwa ilikuwa kusimamia uchaguzi. Tena desturi haikumruhusu wa kwanza kuuendesha uchaguzi. Hiyo ilikuwa kazi ya wa pili au wa baadaye.

Yamkini mtu atasema, siku tano ni chache mno, zitadhuru nini? Mwaka 82 kabla ya kuzaliwa Kristo makonsuli wote wawili walikufa. Interreksi aliyetajwa, Valerius Flaccus, hakuwaita watu kuchagua makonsuli. Aliwapelekea sheria ya kumfanya Sulla, jemadari aliyeshinda, kuwa dikteta bila kuwekewa kikomo. Zamani dikteta hakupita miezi sita. Mlango uliotengenezwa kwa ajili ya uchaguzi ukapitisha kitu kingine kabisa. Siku za kaimu zilihesabiwa; uwezo wake haukuangaliwa.

Lakini kwa nini twende Rumi, ilhali jambo kama hilo lilitukia ng'ambo tu ya maji, katika kisiwa chetu cha Mombasa? Alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978, Rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, alifariki dunia katika Ikulu ya Mombasa. Siku ile ile Makamu wake, Daniel arap Moi, aliapishwa Nairobi kushika kazi za Rais. Sheria ya wakati ule ilimpa Makamu muda usiozidi siku 90, na ndani ya siku hizo ilipasa Rais mpya achaguliwe. Mzee Kenyatta alizikwa tarehe 31 Agosti. Mwezi wa Oktoba chama cha KANU kikamteua Moi bila mpinzani, na tarehe 14 Oktoba akaapishwa kuwa Rais wa pili. Tukihesabu, ni siku 53 tangu kifo hadi kiapo. Hapana damu iliyomwagika, wala serikali haikusimama hata siku moja. Wengi ulimwenguni waliokuwa wakingoja fujo walistaajabu.

Jambo hili lastahili sifa. Walakini yatupasa kulitazama na upande wa pili. Miaka miwili kabla, mwezi wa Septemba 1976, wanasiasa wakubwa walikutana Nakuru wakataka katiba ibadilishwe ili Makamu asipewe zile siku 90. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akawakumbusha mwezi uliofuata kwamba ni kosa kubwa la jinai mtu kuwaza au kupanga kifo cha Rais, na mjadala ukazimika. Twauliza: watu wazima wenye vyeo walikuwa wakigombania nini katika miezi mitatu tu? Walijua kwamba anayeshika kiti wakati wa uchaguzi ana mkono juu ya wenzake. Nayo ikawa hivyo. Mwaka 1978 hapana mwananchi aliyepiga kura ya Rais, kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja, naye akatawala hadi mwisho wa mwaka 2002. Sheria ilifuatwa barabara. Hata hivyo siku za ukaimu ziligeuka ngazi.

Wenzetu wa Zanzibar nao walipita njia hiyo. Aboud Jumbe alipojiuzulu Januari 1984, Ali Hassan Mwinyi aliwekwa kuwa Rais wa muda, na mwezi wa Aprili akathibitishwa kwa kura.

Waliotunga Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 walijifunza. Kwa katiba hiyo, Rais akiondoka, Naibu wake humaliza muda uliobaki. Naibu naye akikosekana, Spika wa Bunge la Taifa hukaimu, na uchaguzi hupaswa kufanywa ndani ya siku 60. Tena wamefunga na mikono: Rais aliyepo wakati wa kura, tangu siku ya kwanza ya kupiga kura hadi mpya aingie, hana ruhusa kuteua majaji, mabalozi wala maofisa wengine wa umma, wala kusamehe wafungwa. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kaimu hufungwa kwa kamba mbili, kamba ya siku na kamba ya uwezo. Ukikata mojawapo, amekwisha kuwa mwenye mali.

Sasa turudi nyumbani. Mwenyekiti wetu alipohamishwa kikazi, Makamu alishika kazi kwa uaminifu, na vitabu vya hesabu vi wazi kwa kila mwanachama atakaye kuvisoma. Hatusemi haya kwa kumlaumu. Twayasema kwa sababu kanuni zetu zasema tu kwamba Makamu atashika mahali pa Mwenyekiti. Hazisemi mpaka lini, wala mpaka wapi. Leo tuna mtu mwema. Kanuni hutungwa kwa ajili ya siku ambayo hatutakuwa naye.

Twakijua chama kimoja cha kuzikana, ambacho hatutakitaja jina, kilichokaa na kaimu zaidi ya mwaka. Wanachama wakaanza kuuliza kama sahihi yake ni halali, na mweka hazina akaogopa kutoa fedha. Ukatokea msiba, na mama wa watu akalala chumba cha maiti siku nne, wanawe wakizunguka kutafuta wa kutia sahihi, ilhali fedha zipo. Mabibi na mabwana, fedha ya mazishi haingoji mabishano.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo manne. Kwanza, kaimu asipite siku 60, na mkutano wa uchaguzi uitwe ndani ya siku hizo. Pili, siku anayoingia, fedha, vitabu na funguo vihesabiwe mbele ya mashahidi watatu, na hesabu hiyo iandikwe. Tatu, aweze kulipa gharama za mazishi na za ugonjwa bila kuchelewa, lakini asikope, asiuze mali ya chama, wala asimwingize au kumfuta mwanachama bila idhini ya Halmashauri. Nne, akitaka kugombea kiti, na agombee, ila usimamizi wa kura apewe mzee asiyegombea.

Wazee wametuambia kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, nacho chombo kisicho na nahodha hakifiki bandarini. Katikati ya hatari hizo mbili ndipo kaimu anaposimama, naye anahitaji kanuni zimlinde yeye na zitulinde sisi. Twawaomba mzikubali kanuni hizi leo, kabla ya kumchagua mtu yeyote, ili pasiwe na atakayedhani kwamba zimetungwa juu yake.

 Mungu akibariki chama chetu na watu wote wa Mtopanga.